Bi Mkubwa, Hukuwa na Wivu

Bi Mkubwa wangu,

Nakuandikia nikiwa barazani, kwenye mkeka wetu. Upande wako bado haukaliwi. Sikumkataza mtu, watu wenyewe wakija hujibana upande wangu, hata wale waliokusema.

Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu hapa Kawempe wamekuwekea maneno mawili yasiyo yako. La kwanza ulilibeba ukiwa hai, kwa hiari yako: kwamba ulikuwa mwanamke wa wivu. La pili wamekubebesha ukiwa kaburini, bila kukuuliza: kwamba umeuawa na operesheni ya kibofu. Yote mawili ni uongo. Wifi yetu Hajati, dada wa mume wetu Hajji, ameniambia ninyamaze kwa sababu maiti hustiriwa. Nimemheshimu Hajati tangu nilipoolewa. Nimempikia, nimemkanda miguu ikivimba. Katika hili sitamtii.

Unakumbuka siku nilipoletwa nyumba hii? Nilikuwa nimefunikwa ushungi, hina haijakauka vizuri, nimekaa katikati ya wanawake nisiowajua. Ndugu zako Wanubi walikuja na ngoma zao, wamevaa gurubaba za rangi kali, na walipoanza kupiga doluka nyumba nzima ilitikisika. Kwetu, kwa baba yangu mwalimu wa madrasa, hatukuwa na ngoma ya namna ile. Niliinua ushungi kidogo nione. Wote walikuwa wanakuita wewe. Niliambiwa hakuna mwanamke kutoka hapa mpaka Bombo aliyejua kuicheza doluka kama wewe. Wakaita, wakapiga makofi, wakakuvuta mkono.

Hukuinuka. Ulikaa kwenye benchi, miguu umeikunja mmoja juu ya mwingine, uso umeutazamisha ukutani.

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Leo roho inamuchoma."

Mwingine akajibu, "Bambi, masikini, wewe ungemuchezea muke mwenza? Mimi singecheza."

Wakacheka. Na mimi, bibi harusi, nikaamini. Nilianza maisha ya ndoa nikikuogopa. Nilikuwa nikisikia ndara zako uani, nangoja zipite ndipo nitoke. Ukininyamazia nilihesabu ni chuki, ukinisalimu nilihesabu ni mtego.

Kisha ikaja siku ya kandambili. Hajji alikuwa amenunua gunia la kandambili kule sokoni Kikuubo, kwa bei aliyojisifia njia nzima, akalifungua mbele yetu hapa barazani. Alitoa ya kwanza, ya mguu wa kushoto. Akatoa ya pili, ya kushoto. Akaingiza mkono mpaka kwapani, akachimba chini kabisa, akatoa nyingine ya kushoto. Alibaki amezishika, anaziangalia kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba kwa lugha asiyoijua. Mimi nilijiuma midomo. Wewe hukuweza.

"Hajji," ulisema, "umenunulia soko ya watu ya muguu moja?"

Ukacheka, kicheko chako kile kinachoanzia tumboni. Halafu kikakatika ghafla. Ulichuchumaa, ukashika mkeka kwa mikono miwili, na mimi niliyekuwa karibu yako nikaona unyevu unatambaa kwenye majani ya mkeka. Nikaona na macho yako. Sijui nilipata wapi akili siku ile. Beseni la maji ya vyombo lilikuwa mbele yangu, nikalisukuma kwa goti. Maji yote yakamwagika mkekani, na povu lake, na miiko.

"Yalaa! Mikono yangu leo!" nikasema.

Hajji alinigombeza sana. Akasema ameoa mtoto. Wewe uliinuka umelowa kama nilivyolowa mimi, ukaenda kubadili nguo, na hakuna aliyejua.

Jioni ile ulikuja kwenye kamba ya kuanikia. Ulinisaidia kuuanika mkeka, ukanionyesha vitambaa vyako vilivyokatwa kutoka kwenye gurubaba kuukuu, ulivyokuwa ukivianika chini ya mashuka visionekane. Ukaniambia vilianza baada ya mtoto wako wa nne. Ukikohoa, unavuja. Ukinyanyua jerikeni, unavuja. Ukisujudu, unavuja. Ukiruka mara moja tu kwenye doluka, unaloa mpaka visiginoni.

"Sasa siku ya harusi?" nikakuuliza.

"Sasa ningecheza namna gani?"

"Na watu wakasema una wivu."

"Wacha waseme. Wivu iko aibu kidogo, hata mutume alioa wanawake ya wivu. Mukojo iko aibu mukubwa."

Nilikaa chini palepale. Mwanamke alikuwa ameacha mji mzima umwite mwenye roho mbaya, kwa sababu jina hilo lilinuka kidogo kuliko lile la kweli. Na ndugu zako wakalipokea, na mume wetu akalipokea, na mimi pia. Nikakuambia nililosikia kwa baba yangu, kwamba asiyeweza kuzuia hutawadha kwa kila wakati wa sala na sala yake ni sala. Ulikuwa umeacha kwenda msikitini miaka yote ile ukidhani Mungu hakutaki umelowa.

Tangu siku hiyo watu walishangaa. Wake wenza gani hawa, wanacheka jikoni? Hajati alimwambia Hajji atuangalie, kwamba wanawake wawili wakipatana hivi kuna kitu wanapanga.

Kweli tulipanga. Mimi nilipozaa mara ya pili, mkunga aliniuliza kama navuja nikipiga chafya. Nikamwambia naam, kidogo. Akanionyesha jinsi ya kukaza misuli ya chini, kama mtu anayekatiza mkojo, kukaza na kulegeza, kila siku. Kisha nikamuuliza habari za mtu ninayemjua, mkubwa wangu, ambaye kwake si kidogo. Akasema kuna madaktari wa kazi hiyo. Ulikataa. Ulisema hayo ni mambo ya kuzaa, mama yako alikuwa nayo, bibi yako alikuwa nayo. Uliyafanya mazoezi ya kukaza ukiwa unasuka vifuniko vyako vya vyakula, ukasema yanasaidia kidogo lakini wewe umechoka na kidogo. Ndipo ukakubali.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani, mpole, anayeongea Kiswahili cha taratibu kwa ajili yetu. Alieleza kila kitu. Alichukua karatasi akachora kibofu, akachora mrija unaotoka chini yake, akachora ukanda mwembamba unaoshika mrija huo kwa chini, kama mbeleko inavyomshika mtoto. Alisema ukanda huo utakuzuia kuvuja ukikohoa. Halafu akaweka kalamu chini, akakuangalia usoni.

"Nnyabo, mama, nisikilize na hili. Kwa wanawake wengine, baada ya operesheni, kibofu hubadilika. Unaweza kubanwa ghafla, ukawa unakimbia. Au mkojo ukatoka polepole, usiishe. Siyo wote. Lakini ikitokea kwako, usikae nayo nyumbani. Unarudi hapa. Sawa?"

"Sawa, dakitari."

Nilikuwepo. Nilimsikia. Wewe ulisikia mpaka pale kwenye kukohoa. Tulipotoka nje ulinishika mkono ukasema, "Amesema itaisha." Nami sikukusahihisha, ulikuwa umefurahi mno.

Na kweli iliisha. Haya ningeyaandika kwa herufi kubwa kama ningeweza, kwa sababu wanaosema operesheni ilikuharibu hawakuwepo uani siku ile ulipojikoholea makusudi. Ulisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, ukakohoa. Ukangoja. Ukakohoa tena kwa nguvu, kuku wakakimbia. Ukanyanyua jerikeni lililojaa, ukaliweka chini, ukanyanyua tena.

"Kavu!" ulinipigia kelele. "Wewe mutoto, kuja uone! Kavu kama mukate ya jana!"

Hajati ndiye aliyepanga dua ya shukrani, ingawa yeye aliambiwa tu kwamba ulikuwa na uvimbe tumboni ukatolewa. Tulipika pilau. Shekhe alisoma, akashukuru kwa niaba yako, akasema mgonjwa wetu amepona kabisa, tuseme amina. Tukasema amina. Na wanaume walipoondoka, ndugu zako wakatoa ngoma, na ukacheza. Nilikuwa sijakuona ukicheza kamwe. Mabega yako yalijua kitu ambacho mwili wote uliobaki ulikuwa umekatazwa kwa miaka. Mama mmoja akasema, "Basi wivu imekwisha!" Wote wakacheka, na wewe ukacheka nao. Nilitaka kusema. Ulinitazama, nikanyamaza.

Wiki zilipopita nikaanza kuona. Nilikuwa nikifungua bomba kujaza jerikeni, na mara maji yakilia ndani, wewe unaacha ulichoshika unaelekea chooni. Mwanzo nilidhani ni bahati. Halafu nikaona ukirudi kutoka dukani: ulikuwa unatembea vizuri njia yote, lakini ukishika tu ufunguo wa mlango mwili mzima unaanza kucheza, ufunguo hauingii, unautukana kwa Kinubi. Siku nyingine ulifika chooni. Siku nyingine hukufika. Kule Kikuubo, ulikokuwa ukitufuatia vitambaa vya duka letu, uliacha kupita njia fupi ukapita njia ya vyoo. Uliijua Kikuubo nzima kwa vyoo vyake: kipi kina foleni, kipi mwenye ufunguo wake hupenda kupiga soga kwanza. Kisha ukaacha kwenda kabisa. Ukaacha kunywa maji. Nilikuona ukilowesha midomo kwenye kikombe na kukirudisha kimejaa, na mkojo wako, ulikuja kuniambia, ulikuwa mchache, wenye kuchoma, na unakuita vilevile.

Vitambaa vikarudi chini ya mashuka.

"Bi Mkubwa," nikakuambia, "imerudi?"

"Hapana. Nikikohoa iko kavu."

"Sasa hii ni nini?"

"Hii iko nyingine. Hii ile inaita kabla sijaita."

"Basi twende. Daktari alisema ikitokea turudi."

Na hapo ndipo uliposema neno lililonikalisha. "Turudi namna gani? Nilishukuru. Watu walikula pilau. Shekhe alisema nimepona kabisa na mimi nilisema amina. Nikirudi sasa, si ni kumurudishia Mungu zawadi yake?"

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu ufe. Hukuogopa kisu wala gharama, na daktari ulimpenda. Uliogopa kuonekana mbele ya Mungu na mbele ya Hajati kama mtu asiye na shukrani. Na nadhani haikuwa kwako peke yako. Tumefundishwa kushukuru mara moja, kwa sauti, mbele ya watu, kisha kufunga mlango. Ugonjwa ukija tena, hata ukiwa mwingine, unakuta mlango umefungwa na sisi wenyewe tuko ndani, tunaona haya kufungua.

Tuligombana mwezi mzima. Ugomvi wetu wa kwanza wa kweli. Majirani walifurahi, wakasema mambo yamerudi mahali pake, wake wenza wameanza. Nilikuambia shukrani yako ilikuwa ya kuvuja, na kuvuja kumekwisha, hakuna aliyekudanganya. Nilikuambia mtu akipewa mtoto akashukuru, mtoto akipata homa haachi kumpeleka kwa daktari akisema nilishashukuru. Siku ya pili asubuhi ulikuwa umevaa, umekaa mlangoni na mkoba.

"Twende kwa homa ya mutoto yako," ulisema.

Pale kwenye benchi la kungojea kulikuwa na binti wa Kiganda, ameshika kitambaa usoni, anaona aibu hata ya kukaa karibu nasi. Ulimuuliza ana nini. Akalivuta kitambaa mpaka machoni. Ukamwambia wewe una nini. Yote, Bi Mkubwa! Kuanzia mtoto wa nne mpaka ufunguo wa mlango, kwa Kiswahili chako na Luganda yako, na mikono yako inaonyesha. Yule binti akaanza kutabasamu, kisha akacheka, kisha akasema kwa haraka, "Ssi nze nzekka?" Kumbe si mimi peke yangu? Ukampiga begani, ukamwambia mko mji mzima. Mwanamke aliyeficha jambo hili kwa mume wake, alilitoa kwa mgeni kama anagawa karanga.

Daktari hakukulaumu. Alipima mkojo, akakuta una maambukizi, akakupa dawa. Akakupima tumboni kwa mashine kuona kama kuna mkojo unaobaki, akasema umebaki kidogo tu, na kwamba ungekuwa mwingi wangeutazama upya ule ukanda. Akakuambia kilichobaki ni kibofu chenye haraka, na kibofu hufundishwa. Unywe maji kama mtu, siyo kama kuku. Upunguze chai na soda. Kikiita, usikimbie: simama, kaza chini, pumua, ngoja kipoe, ndipo utembee. Leo dakika kidogo, wiki ijayo zaidi. Na vidonge, vile vilivyokukausha mdomo mpaka ukawa unatembea na ukwaju mkobani.

Haikuisha yote, na sitaki kumdanganya mwanamke anayesoma hapa. Ilipungua. Ulirudi Kikuubo. Kuna siku bomba lilikushinda, na kuna siku ulisimama mbele ya jerikeni linalojaa, umekaza meno, unakiambia kibofu, "Ngoja. Mimi ndiyo muzee hapa." Kikangoja.

Uliishi hivyo zaidi ya miaka miwili. Kisha presha, ile uliyokuwa ukinywea dawa ukikumbuka na kuacha ukisahau, ikapasua mshipa kichwani asubuhi moja ukiwa unafungua duka. Daktari wa wodi alisema wazi, mbele ya Hajji na mbele ya Hajati: kiharusi. Sikuachia mkono wako mpaka ulipokata roho. Tuliokuosha tulikuwa wanne, nami nilikuwa upande wa kichwa. Na kabla maji hayajakauka mikononi mwetu nikasikia mtu anasema, "Hawa wa hospitali walimumaliza. Tangu wamuguse kule chini, alikuwa anakimbia-kimbia."

Ndivyo ilivyoanza. Walikuwa wameona ukikimbia kumbe, ila hawakuuliza. Sasa walikuwa na maelezo.

Ningeweza kuyaacha yapite, kama si Mama Fauzia. Unamjua, yule wa nyumba ya pili, mwenye sauti ndogo. Alinishika pembeni akaniambia yeye pia anavuja, alikuwa amepewa siku ya operesheni, na ameifuta. "Kwa sababu ya Bi Mkubwa," alisema. "Sitaki kufa kama yeye."

Sikulala vizuri. Kumbe umekuwa kitu cha kutishia wanawake! Wewe!

Jumapili iliyofuata kwenye darasa la wanawake, mwalimu alipouliza kama kuna mwenye jambo, nilisimama. Unajua mimi si msemaji. Nikasema, "Bi Mkubwa wetu hakuuawa na operesheni. Operesheni ilimponya kuvuja mkojo."

Kisha Hajati, kutoka mstari wa mbele: "Kaa chini."

"Shikamoo, wifi. Sikai."

"Unamuvua maiti nguo mbele ya watu!"

"Nyinyi mlimvisha wivu tangu harusi yangu mpaka kaburini, na haikuwa nguo yake. Hamkuona haya. Hakucheza siku ile kwa sababu angejikojolea. Ndiyo hayo. Semeni sasa kama ni dhambi."

Mama mmoja mzee, Mnubi mwenzako, akashika mdomo. "Mimi ndiyo nilisema roho inamuchoma," akasema. "Wallahi, nilisema mimi."

"Na mimi nilikubali," nikamwambia.

Nikawaeleza yote mengine, kwamba kibofu kilibadilika baada ya operesheni, kwamba daktari alikuwa ameonya, kwamba ulichelewa kurudi kwa sababu ya amina tuliyoisema sote, na uliporudi ulisaidiwa. Niliposema kuhusu ufunguo wa mlango, wanawake watatu wanne walitazamana, wakaanza kucheka ile ya kuziba mdomo. Mmoja akasema, "Kumbe ufunguo!" Akasema kama mtu aliyeonyeshwa mwizi wake. Hajati aliondoka kabla ya dua. Mpaka leo akija kwetu anamsalimu Hajji, anasalimu watoto, mimi ananiruka.

Hajji aliniita jioni. Nilidhani ni vita. Alikuwa amekaa kitandani, kofia mkononi.

"Ni kweli? Hakuwa na wivu?"

"Hakuwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Hajji."

Bi Mkubwa, nisamehe, nilitaka kucheka. Mzee wa watu alikuwa ametembea miaka yote hiyo akijua wanawake wawili wanachomana roho kwa ajili yake, na nadhani lilikuwa likimpa joto. Alivunjika uso kabisa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nililala naye nyumba moja. Angeniambia." Nikamwambia, "Ungemwambia nini?" Akaivaa kofia, akaivua tena.

Sikukuomba ruhusa, nawe hukunipa. Kama nimekukosea, tutaonana huko, utanigombeza. Lakini nilikuona kwenye benchi lile ukigawa siri yako kwa binti usiyemjua ili acheke. Kwa hiyo sidhani kwamba ulitaka kufichwa. Nadhani ulichoka kungoja mtu aulize.

Sasa habari yangu. Mazoezi yalinisaidia mpaka mtoto wa tatu, kisha yakashindwa. Navuja kama ulivyokuwa ukivuja. Jumatatu naingia hospitali kwa daktari wetu wa miwani. Hajati amemtumia Hajji ujumbe akimuuliza kama anataka kuzika mke wa pili. Hajji ameniuliza kama naogopa. Nimemwambia naogopa, nimemwambia ninakwenda. Nimesikiliza maelezo ya daktari mpaka mwisho safari hii, na yale ya baada ya kukohoa nimeyasikiliza mara mbili. Huenda nikatoka mkavu na mtulivu. Huenda nikatoka mkavu na kibofu chenye haraka kama chako. Kikiwa na haraka nitarudi, na nikirudi nitawaambia wanawake kwamba nimerudi, na ninakokwenda, na kwa nini. Mama Fauzia hajasema kama ataomba siku nyingine. Amesema tu atanisindikiza, aone mlango ulivyo.

Darasa linalofuata mwalimu amenipa nafasi tena. Watakaosema ulikuwa na wivu, nitawasahihisha. Watakaosema umekufa kwa operesheni, nitawasahihisha, awe wifi, awe nani. Na mkojo ukinishika katikati ya maneno, sitajifanya naitwa na mtoto. Nitasema, "Ngojeni, nakwenda kukojoa." Nitakwenda, nitatawadha, nitarudi, na nitaendelea pale nilipoachia.

Mungu akulaze mahali pakavu na pa nafasi.

Mke mwenzako,
Bi Mdogo